Kijiko cha Kuukamata Mchuzi: kisa cha mgonjwa wa siliaki "asiyefuata masharti"

Faili lake lilipofika mezani kwangu lilikuwa na maneno mawili yaliyopigiwa mstari: "Hafuati masharti." Aliyeyaandika hakukurupuka. Mama wa miaka 38, amegundulika na ugonjwa wa siliaki mwaka mmoja na nusu nyuma, ameshaambiwa ngano, shayiri na rai (nafaka ndugu ya ngano) ni marufuku, na bado kingamwili za ugonjwa huo kwenye damu yake, ambazo hutegemewa kushuka mtu akiacha nafaka hizo, zimeganda mara nne juu ya kikomo cha kawaida. Kwa hesabu ya haraka jibu ni moja: anakula mkate kwa siri. Wagonjwa wa namna hiyo wapo, nimewaona. Huyu hakuwa mmoja wao, na iliniwia kazi kujua kwa nini, kwa sehemu kwa makosa yangu mwenyewe. (Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.)

Nianze na jinsi alivyofika kwenye jina la ugonjwa, maana huko nako kuna funzo.

Kwa miaka mitano alikuwa mtu wa kuishiwa damu. Hakuharisha hata siku moja, na hilo ndilo lililowapoteza wote waliomwona. Picha ya siliaki iliyomo vichwani mwa wengi ni ya mtoto mwenye tumbo kubwa, makalio yaliyonyauka na kinyesi kingi chenye mafuta. Mtu mzima mara nyingi haji hivyo. Huja na uchovu, vidonda vya mdomoni visivyokwisha, mifupa iliyopungua uzito, au damu isiyopanda. Yeye hata choo kilikuwa kigumu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma raundi tatu. Kila raundi hemoglobini ilipanda kidogo kisha ikateremka, na kila ilipoteremka hedhi ikabebeshwa lawama.

Madini ya chuma hufyonzwa hasa kwenye duodenamu, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, na hapo hapo ndipo siliaki inapouma zaidi. Ukuta wa utumbo wenye afya umeota vijinyweleo vidogo mno, kama zulia lenye manyoya, na ndivyo vinavyonyonya chakula. Mwenye siliaki akila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huugeukia utumbo wake mwenyewe, na manyoya yale hunyauka mpaka zulia likabaki sakafu tupu. Kumpa mtu huyo vidonge vya chuma bila kuondoa gluteni ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hatimaye daktari mmoja kijana akaagiza kipimo cha kingamwili dhidi ya transglutaminasi, kimeng'enya cha mwili wenyewe, na pamoja nacho kipimo cha jumla ya IgA. Hicho cha pili husahaulika sana. Kingamwili zinazotafutwa ni za aina ya IgA. Katika kila wagonjwa 100 wa siliaki, wawili au watatu miili yao haitengenezi IgA, nao wakipimwa kwa kipimo cha kwanza peke yake huambiwa wako salama huku utumbo unateketea. Majibu yake yalikuwa zaidi ya mara kumi ya kikomo. Kamera ikateremshwa hadi utumboni, vipande vya ukuta wake vikachukuliwa, na darubini ikathibitisha: vijinyweleo vimenyauka.

Alipokuwa akisubiri siku ya kamera, ndugu zake walimsihi aache mkate mara moja, kwa nia njema kabisa. Daktari akamkataza, naye alifanya vizuri. Utumbo ukianza kupona kabla ya kupimwa, ushahidi hufutika, na aliyekwisha kuacha hulazimika kurudia kula gluteni, gramu 3 hivi kwa siku kwa wiki mbili au zaidi, ndipo apimwe. Nina mtu ninayemhudumia ambaye hataki kusikia habari ya kurudia, na simlaumu, lakini mpaka leo hana uhakika ana ugonjwa gani.

Miezi mitatu ya kwanza ya mlo bila gluteni ilikuwa ya furaha. Vidonda vya mdomoni vilikauka. Maziwa yaliyokuwa yakimjaza gesi yakaanza kukaa tumboni, kwa sababu kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vijinyweleo vile vile, na kinarudi vinaporudi. Kingamwili zikashuka kutoka mara kumi hadi sita, kisha nne. Hapo zikagoma. Mwaka ukatimia, zikawa nne. Mwaka na nusu, nne. Ferritini, akiba ya chuma mwilini, ikasimama kwenye 6, chini mno. Uchovu ukarudi, ndipo mstari ule ukapigwa kwenye faili.

Aliusoma. Faili alikuwa amelishika mwenyewe kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kitu cha kwanza alichoniambia, kabla hata hajakaa vizuri, kilikuwa: "Dokta, mimi sijaweka mkate mdomoni tangu siku ile." (Mimi si daktari, ni mshauri wa lishe, nimechoka kusahihisha.)

Nilimpa kazi niliyozoea kuwapa wote: aandike kila anachokula kwa siku saba. Aliileta imeandikwa kwa mwandiko wa mtu makini, mpaka vikombe vya chai na saa alizokunywa. Wali, viazi, maharage, samaki, mayai, matunda, mboga, mchuzi. Biskuti zisizo na gluteni nyingi kuliko nilivyopenda. Hizo huwa na nyuzinyuzi kidogo, chuma kidogo na sukari ya kutosha, na ndizo zilizomfunga choo tena. Nikatia tiki safu kwa safu. Nilikuta kasoro mbili tu.

Ya kwanza ilikuwa chupa ya sosi ya soya. Sosi hiyo ikiundwa kwa njia ya kawaida huchachushwa pamoja na ngano, lakini jina lake linataja soya peke yake. Hakujua. Alikuwa akiidondoshea kwenye wali mara moja moja.

Ya pili ni mtego wa lugha yetu. Kwetu neno shayiri hubebeshwa nafaka mbili. Ipo ile inayotengenezewa kimea cha bia, nayo ina gluteni bila ubishi. Na ipo ile laini ya uji wa asubuhi, ambayo wengine huiita oti na wengine shayiri hiyo hiyo. Mtu mmoja alimwambia shayiri marufuku, mwingine akamwambia oti ruksa, naye akawa na pakiti kabatini asiyojua ni ipi kati ya hizo. Ilikuwa oti. Oti safi wagonjwa wengi huivumilia, ila oti ya kawaida huvunwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano na shayiri, na pakiti ile haikuwa na alama yoyote ya kutokuwa na gluteni. Nikamwomba aiache. Tangu hapo nikizungumza na mgonjwa situmii neno shayiri bila kumwonyesha picha.

Nikajiona nimemaliza. Miezi mitatu baadaye damu ikapimwa: mara tatu na nusu. Imeshuka, ndiyo, lakini si kwa mtu aliyeondoa gluteni.

Nikamwuliza swali ambalo ningeliuliza siku ya kwanza ningekuwa na akili ya leo: "Nani anapika nyumbani?"

"Mimi mwishoni mwa wiki. Siku za kazi anapika mama." Mama mkwe wake.

Nikaomba kuja.

*

Jikoni palikuwa safi kuliko pangu. Mgonjwa alinionyesha rafu yake, sufuria zake, kisu chake, kibao chake kipya. Kwenye ukuta lilitundikwa chekeche moja. Nikaliteremsha, nikalielekeza dirishani. Kwenye makutano ya nyuzi, kuzunguka ukingo wote, palikuwa na weupe uliokauka, laini kama poda. Nilipolipigapiga kwenye kiganja kikabaki kiduara cha vumbi. Unga wa ngano na unga wa mchele vilipita hapo hapo, kwa zamu, na chekeche halioshwi likawa jipya. Hilo nililitegemea.

Mama mkwe alikuwa ameketi akichambua mchele. Nikamwamkia, akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akaendelea na kazi. Nikamwomba anieleze mchuzi wa jana hatua kwa hatua, kama anavyomfundisha binti asiyejua kupika. Hapo alichangamka. Vitunguu, nyanya, samaki, maji, chumvi.

"Halafu nakoroga unga kwenye maji baridi, natia, mchuzi unakamata."

Mkwewe akageuka. "Mama, kumbe unatia unga?"

"Miaka yote."

"Unga wa ngano?"

"Kijiko tu, mwanangu. Mkate sikupi, tambi sikupi, keki ya watoto naificha kabatini. Ule wa kwenye mchuzi si chakula. Ni wa kuukamata mchuzi."

Hapo nilikaa kimya, maana alikuwa amenieleza kosa langu kuliko kitabu chochote. Mimi na hospitali tulimpa nyumba ile orodha ya vyakula. Naye aliifuata orodha kwa uaminifu wa mtu anayempenda mkwewe. Unga wa kwenye mchuzi haukuwa chakula, ulikuwa ufundi, na ufundi haumo kwenye orodha. Kwenye karatasi ya siku saba neno "mchuzi" lilitokea mara nne. Mara zote nne nililitia tiki.

Tupige hesabu, kwa sababu watu husikia "kijiko" wakatabasamu. Kijiko cha chakula cha unga wa ngano kina gramu 8 au 9. Gluteni ni kama sehemu moja ya kumi yake, au pungufu kidogo. Tuseme miligramu 700. Sufuria ile hulisha watu sita, kwa hiyo kila sahani inabeba zaidi ya miligramu 100. Mara nne kwa wiki, ukitandaza kwa siku saba, ni zaidi ya miligramu 60 kwa siku. Sasa pima na hii: mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha jaribio ambamo wagonjwa waliokwisha kutulia walimezeshwa kila siku, kwa siku 90, kidonge chenye gluteni miligramu 50, au 10, au kisicho nayo. Miligramu 50 zilitosha kuuharibu utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina kama 2,000. Huyu mama alikuwa anakula kipande kimoja kwa mwezi mmoja na kidogo, kilichosagwa kikafichwa kwenye samaki, na mwili wake ulikuwa ukihesabu bila kukosea.

Kwa kipimo hicho utaelewa pia kikomo kinachotumika kwenye lebo. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, huruhusu bidhaa kuitwa isiyo na gluteni ikiwa na miligramu 20 au pungufu kwa kila kilo. Uile nusu kilo nzima ya kitu kilichogusa kikomo hicho, umepata miligramu 10. Ndiyo maana wagonjwa wanaoshtuka kwamba "bila gluteni" si sifuri kabisa nawaambia watulie.

Nawaambia watulie pia kuhusu mambo mengine, na hapa najua baadhi ya wenzangu hawakubaliani nami. Mgonjwa huyu alikuwa amenunua kibanikio chake cha mkate, amekifunga kwa mfuko, watoto wakikigusa anapiga kelele. Wakati huo huo alikuwa akichemsha tambi zake zisizo na ngano kwenye maji yaliyochemshia tambi za watoto, ili kuokoa gesi. Amepanga hofu yake kichwa chini miguu juu. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2020 yalikuta mkate usio na gluteni uliobanikwa kwenye kibanikio cha pamoja ukibaki chini ya miligramu 20 kwa kilo, lakini tambi zilizochemshwa kwenye maji yaliyotumika kwa ngano zilivuka kikomo. Unga unaoruka, maji yaliyochemshia ngano, mafuta yaliyokaangia vyakula vilivyoviringishwa kwenye unga, chekeche, kijiko kinachotoka chungu hiki kwenda kile: huko ndiko ningependa macho yaelekee. Kubusu watoto waliokula biskuti, kukaa meza moja na mkate, kugusa kitasa: mwachieni mtu apumue. Mgonjwa anayeogopa kila kitu huchoka, na aliyechoka huacha vyote, hata vile vya lazima.

Wala si ajabu kwamba jibu lilikuwa jikoni. Chanzo chenyewe cha ugonjwa huu kilijulikana kwa kuangalia watu wanavyokula. Mwaka 1924 daktari wa Marekani, Sidney Haas, alikuwa akiwatibu watoto wa siliaki kwa ndizi, wakapona kweli, na ikadhaniwa ndizi ndiyo dawa; kumbe dawa ilikuwa mkate aliouondoa. Aliyefungua macho ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyeanza kushuku mkate tangu miaka ya 1930. Kwenye njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulitoweka, na watoto wake wa siliaki hawakudhoofika kama ilivyotegemewa. Mkate uliporudi, wakaugua upya. Tasnifu yake aliitoa mwaka 1950. Alifuatilia kilichoingia mdomoni siku hadi siku, tena bila kipimo cha damu, maana transglutaminasi ilitambuliwa kuwa shabaha ya kingamwili hizi mwaka 1997 tu.

*

Kilichofuata hakikuwa chepesi kama kubadilisha unga. Mama mkwe aliona ameshtakiwa. Siku mbili hakuingia jikoni. Mgonjwa naye aliona aibu kumwona mkubwa wake anajitetea, akanipigia simu kusema afadhali apike mwenyewe usiku akitoka kazini. Nilimkatalia. Angeweza mwezi, labda miwili.

Nilirudi, safari hii bila karatasi. Nikamwambia yule mama kwamba orodha ilikuwa yangu na kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliuliza vyakula nisiulize mapishi. Aliniangalia kitambo. Kisha akauliza kama wanga wa mahindi unakamata mchuzi sawasawa. Unakamata, nikasema, ila tia nusu ya kipimo cha unga, na usiuchemshe muda mrefu, utalegea. Tukakubaliana sufuria ya familia nzima iwe ya wanga wa mahindi, kwa sababu sufuria mbili kila siku ni ahadi isiyodumu. Chekeche jipya likanunuliwa, likafungwa uzi mwekundu mpinini. Siagi ikapata kopo la pili, kwa kuwa kisu chenye makombo ya mkate kikizama kwenye siagi hakitoki peke yake. Mpaka leo mama mkwe anasema mchuzi wa wanga unang'aa mno, haufanani na mchuzi. Ana haki.

Ikiwa haya yote yasingeleta mabadiliko, kulikuwa na njia nyingine za kufuata, na daktari wake tayari alikuwa nazo: kurudia kamera, kuangalia bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba, ugonjwa wa utumbo mpana usioonekana kwa macho, kongosho linalotoa vimeng'enya pungufu, na mwishoni kabisa aina ya siliaki isiyosikia mlo, ambayo ni adimu na ni hatari. Lakini kwa mgonjwa ambaye kingamwili hazishuki, gluteni inayoingia bila kujulikana ndiyo inayoongoza, na kuitafuta ni rahisi kuliko vyote hivyo. Inahitaji mtu wa kukaa jikoni saa moja.

Baada ya miezi sita kingamwili zilikuwa zimeshuka hadi mara moja na nusu. Baada ya mwaka, juu kidogo tu ya kikomo, na ferritini imefika 31 kwa vidonge vile vile vya chuma ambavyo zamani havikumfaa. Hiyo si hati ya kupona. Utumbo wa mtu mzima hujijenga polepole: ufuatiliaji mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta baada ya miaka miwili theluthi moja tu ya wagonjwa vijinyweleo vyao vimerudi, na baada ya mitano, theluthi mbili. Kipimo cha mifupa kilionyesha imepungua uzito, kwa hiyo ana kalsiamu na vitamini D za kumeza, na atapimwa tena.

Kuna jambo ambalo bado halijafungwa. Ndugu wa damu wa karibu, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, wana uwezekano wa kama mmoja kwa kumi wa kuwa na ugonjwa huu, wakati kwa watu kwa jumla ni kama mmoja kwa mia. Mwanawe wa kiume amepimwa, hana. Nimewaeleza kwamba "hana" ni jibu la leo. Ugonjwa unaweza kuanza umri wowote kwa mwenye vinasaba vyake, na kipimo kitarudiwa. Binti yake wa miaka 15 amekataa sindano. Anasema akikutwa nao ataanza kubeba kopo la chakula kwenye sherehe kama mama yake, watu wamwone anajidai. Sijapata la kumjibu ambalo yeye analiona ni jibu.

Kwenye faili, chini ya maneno yale mawili, niliandika: kijiko kimoja cha unga, sufuria ya watu sita, mara nne kwa wiki, bila yeye kujua. Mstari wa mwanzo nimeuacha ulipo.

Mwezi uliopita alisafiri kukaa kwa dada yake wiki tatu. Kabla ya kuondoka alinionyesha ujumbe aliomtumia. Zamani angeandika kwamba hali ngano. Safari hii aliandika: "Dada, mchuzi wenu mnaukamata kwa nini?"